Alikataa Kuilaza Barabara

Dada yangu hajawahi kumlaani mtu, hata pale walipompa kila sababu. Kazi ya kulaani ameniachia mimi, nami naifanya kwa moyo wote, maana ndiyo kazi pekee ninayoifanya bila kumwogopa mkuu wa ofisi.

Watu wa huku humwita Bibi Mvua. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, kwa sababu mvua ikianza kunyesha na wenye akili zao wakakimbilia ndani, yeye ndipo alipotoka. Alikuwa akivaa mabuti ya mpira na koti aliloshonewa na mumewe, fundi cherehani, kutokana na turubai chakavu la lori, akaweka sepeto begani na kwenda kuitazama barabara ikilowa. Shemeji alizoea kusema kwamba wenzake walioa wake, yeye alioa chura. Alilisema hilo huku akimchemshia maji ya kuoga, kwa hiyo hakuna aliyedhani analalamika.

Kazi aliianzia jikoni. Alipokuwa msichana, kampuni iliyokuwa ikijenga barabara ya changarawe kutoka njia kuu mpaka kwenye zahanati na shule iliweka kambi karibu na kwetu, naye akaajiriwa kuwapikia vibarua. Msimamizi wa kambi alikuwa mzee mkali mwenye mazoea yake. Kipande cha barabara kikimalizika, alimwaga ndoo ya maji katikati, akasimama mikono nyuma kutazama maji yanakwenda wapi. Yakituama, kipande kinafumuliwa chote. Dada aliacha sufuria zake ziungue ili asimame naye kutazama. Vibarua walikula ukoko mwaka mzima, lakini dada alitoka pale kambini akijua jambo ambalo mainjinia wengi niliofanya nao kazi hawalijui: anayeua barabara ni maji, gari linasingiziwa tu.

Kambi ilipoondoka, serikali iligawa matunzo ya barabara kwa vikundi vya wakazi. Dada aliongoza kikundi cha kilomita sita, wanawake kumi na mwanamume mmoja wa kusukuma toroli, na akakiongoza kwa miaka ishirini na miwili. Vikundi vingine vilifanya kazi kiangazi, mitaro ikiwa mikavu, vikifukua kwa kubahatisha. Kikundi cha dada kilitoka mvua ikinyesha. Aliwaambia kwamba maji ndiyo yanayojua kasoro iko wapi, na mtu humuuliza mwenzake akiwa yupo, si akishaondoka. Mimi nimepita barabara nyingi za changarawe kwa ajili ya kazi yangu, na sijaona nyingine ambayo dereva wa lori anaweza kunywa chai huku anaendesha.

Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa kwetu. Yeye ndiye aliyenisomesha kwa ujira wa mitaro, nikawa karani katika ofisi ya barabara ya wilaya, na alijivunia hilo kuliko mimi mwenyewe. Akija kuleta ripoti ya kikundi, mabuti yakiwa na tope mpaka magotini, alimwambia mlinzi, mfagizi na yeyote aliyekuwa kwenye foleni kwamba amekuja kumwona mdogo wake. Mimi nilimtandikia gazeti asimame juu yake, asichafue sakafu. Mara ya kwanza alilitazama lile gazeti, akalikanyaga kama alivyoelekezwa, akacheka na kusema kwamba tope hilohilo ndilo lililoninunulia viatu. Nikacheka pamoja naye. Gazeti sikuliondoa.

Sasa nije kwenye waraka, maana ndio uliotufikisha hapa.

Mwaka ule wa ishirini na mbili wa kikundi, ofisi yetu ilipokea waraka mpya kutoka juu. Fedha za kutunza barabara za mikoa na wilaya zingegawiwa kwa kufuata hali ya barabara. Wapimaji wangepita mara moja kwa mwaka, wakaipa kila barabara neno moja. Barabara ikiandikwa Nzuri haipati kitu, kwa kuwa haina shida. Ikiandikwa Wastani au Mbaya, inapata. Ikiandikwa Haipitiki, inatolewa kabisa kwenye fungu la matengenezo na kupelekwa kwenye fungu la dharura, ambalo hufunguliwa watu wakishaumia. Mkuu wetu alitusomea waraka huo akiwa ameegemea ukuta, na juu ya kichwa chake ilikuwepo kalenda ya ofisi yenye maandishi makubwa: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kucheka. Fungu la ufa lilikuwa limefutwa mbele ya macho yetu, likabaki la ukuta.

Wasimamizi wa vikundi ni watu wepesi wa kuelewa. Haukupita mwezi likazaliwa neno jipya, kuilaza barabara. Unaacha kufyeka na kuzibua mitaro miezi miwili kabla ya wapimaji kuja, barabara inalala kama mgonjwa wodini, na daktari akifika anaikuta inakohoa. Anaandika Wastani, na ukibahatika Mbaya. Fedha zikishaingia, unaiamsha. Bingwa wa utabibu huo alikuwa jirani wa dada, msimamizi wa kilomita saba zinazofuata, mtu mnene mcheshi aliyeitwa Subiri kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Yeye hakuhitaji hata kuilaza, maana barabara yake haikuwahi kuamka.

Dada naye alikuwa na ufa wake. Kwenye kilomita ya nne kuna kijito kinachopita chini ya barabara kwa kalavati, na ukuta wa mawe ulioshika mdomo wa kalavati hilo ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Kila mvua alishuka mtaroni akaupima kwa kidole. Mwaka uliotangulia kiliingia kidole cha mwisho. Sasa kilikuwa kinaingia kidole gumba. Kazi hiyo ilitaka saruji, mawe na mwashi wa siku chache, vitu ambavyo kikundi hakikuwa navyo. Ukuta ule ukianguka, barabara inakatika, na zahanati na shule zinabaki ng'ambo. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake, na hakuwa na nyingine.

Nikaenda kwake Jumapili kumshawishi ailaze. Nilimkuta sebuleni, ambako nusu ya chumba ni ya cherehani na nusu ni ya majembe, akiinoa sepeto yake kwa tupa. Nikamweleza waraka ulivyo, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kunoa.

"Ilaze miezi miwili tu, dada. Wakiandika Wastani, kalavati litajengwa."

"Wageni wanakuja, nisifagie?"

"Hawa si wageni. Wanakuja kutafuta uchafu."

"Basi wataukosa." Akaweka tupa chini. "Sikiliza, mdogo wangu. Anayejifanya mgonjwa ni yule asiye na mtu wa kumsemea. Mimi nina ndugu ofisini. Chukua kalamu."

Shemeji alisogeza vitambaa vyake pembeni, nikaandika juu ya meza ya cherehani, dada akisema nami nikifuata. Barua ilikuwa fupi. Ilisema barabara ni nzuri kwa sababu inatunzwa. Kalavati la kilomita ya nne lina ufa wa kidole gumba. Tafadhali njooni mvua ikinyesha mjionee. Akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa, taratibu, akaniuliza kama limetosha. Nikamwambia limetosha.

Wiki ya wapimaji, kikundi kilifanya kazi siku tatu mfululizo. Walifyeka, wakazibua, wakayapaka chokaa mawe ya kandokando, na asubuhi ya mwisho wakaifagia barabara ya changarawe kwa mifagio ya majumbani mwao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na dada yangu aliamini kwamba mgeni huyu ndiye. Mpimaji alikuja kwa gari lenye vioo vilivyofungwa. Kwenye kilomita ya nne dada akasimama katikati ya njia na kumpungia mkono. Kijana wa watu akashuka, mpole, mwenye viatu vyeupe. Akasema hiyo ilikuwa barabara ya kwanza wiki ile ambayo hakulazimika kushika kishikio cha mlango. Dada akamshukuru, akamwomba ashuke naye mtaroni auone ufa. Mpimaji akavitazama viatu vyake, akauliza kama jambo hilo limeandikwa.

Dada akamjibu kwa fahari kwamba limeandikwa, na barua iko ofisini kwa ndugu yake. Mpimaji akasema basi litashughulikiwa, akarudi garini.

Barua ilikuwa ofisini kweli. Ilikuwa kwenye droo yangu. Barua haihesabiki kuwa barua mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa na kuingizwa kwenye daftari. Baada ya hapo mkuu hana budi kuijibu, atake asitake. Muhuri ulikuwa mezani kwangu, karibu na kikombe. Nilikuwa nimeamua kuugonga siku ileile niliyoileta, kisha nikaona nimsikilize mkuu kwanza. Nikamwuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, ikiwa barabara iliyoandikwa Nzuri inaweza kuambatanishiwa maelezo. Hakuinua macho. Akaniuliza kama siku hizi ofisi imeanza kubeba ndugu.

Nikacheka, nikasema hapana. Nilirudi mezani, nikaandika Nzuri kwenye kompyuta, na barua nikaisukuma nyuma ya droo, chini ya boksi la pini. Niliogopa kuambiwa namwinua dada yangu. Miaka ishirini na miwili yeye aliniinua mimi, wala hakuogopa kuambiwa lolote. Jumapili iliyofuata aliponiuliza, nilimwambia nimeifikisha.

Baada ya miezi mitatu ofisi ilimwandikia barua ya pongezi. Ilimshukuru kwa kazi nzuri, ikamjulisha kwamba kwa kuwa barabara ni nzuri, mkataba wa kikundi hautaendelea. Mimi ndiye niliyeichapa. Subiri alipata fedha, greda na malori manne ya changarawe. Alikuja kumpa dada pole, akakaa kwenye kigoda cha shemeji na kutania.

"Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye barabara, mama, kibaya ndicho kinachojiuza."

Alicheka peke yake. Alipoona hivyo, akajisahihisha haraka, akasema atawachukua baadhi ya wanawake wa kikundi, na kweli akawachukua saba. Subiri si mtu mbaya. Ningepumua kidogo kama angekuwa mtu mbaya.

Dada aliendelea. Hakuwa na mkataba wala ujira, lakini mvua ikinyesha alitoka, na wanawake watatu waliobaki walitoka naye kwa kumwonea haya. Walijaza mchanga kwenye magunia wakayapanga kuuegemeza ule ukuta. Kila nilipokwenda kumtembelea aliniuliza kama wamejibu.

"Bado, dada. Huko juu mambo yanakwenda polepole."

"Hata maji huanza polepole," alisema siku moja, bila ubaya wowote.

Ukuta ulianguka mvua za mwaka uliofuata, saa tatu asubuhi. Matawi yalikuwa yameziba mdomo wa kalavati, maji yakaanza kupanda, na dada akashuka kuyatoa kwa sepeto kama alivyofanya maisha yake yote. Mawe yakamwangukia kiunoni. Wanawake walimchomoa kwenye tope, nyuma yao barabara ikakatika vipande viwili na kijito kikapita katikati kwa raha zake. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Gari la zahanati lilifika ukingoni likapiga honi. Shemeji akang'oa mlango wa nyumba, wakamlaza juu yake, wakapanda naye kufuata kijito mpaka mahali penye maji ya magotini, saa nne za kutembea. Waliombeba ni mumewe, wanawake wale watatu na yule mwanamume wa toroli. Mimi niliyekataa kubeba ndugu nilikuwa ofisini nakunywa chai.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Barabara hakuilaza, akalazwa yeye, miezi mitatu, na aliporudi nyumbani alirudi kitandani.

Hapo sasa fedha zikaja. Zilikuja kama vile zilikuwa zimejificha nyuma ya mlango zikisubiri dada aumie. Wiki mbili baada ya maafa mkandarasi alishusha mitambo, na kwenye kipande kile kimoja zilimwagwa fedha ambazo kikundi hakikuziona kwa miaka yake yote. Kazi yenyewe ilifanyika kiangazi kilipoingia, kijito kikiwa uzi tu. Mkuu wetu akaenda na tai shingoni kukata utepe. Alisema katika hotuba yake kwamba serikali hailali. Niliandika hotuba hiyo mwenyewe, na neno hilo nililiweka kwa makusudi, lakini hakuna aliyelishtukia.

Kitanda cha dada kipo sebuleni, upande wa majembe. Nilipomsimulia kalavati jipya lilivyo kubwa, aliuliza swali moja tu: mdomo wake wameuweka wapi. Sikuwa nimeangalia. Ikabidi nirudi, nivue viatu, nishuke mtaroni kwa mara ya kwanza maishani. Sakafu ya kalavati ilikuwa juu ya sakafu ya mtaro kwa kiganja kizima. Maji yangefika pale, yakakosa pa kuingilia, yakaanza kula udongo chini yake. Nilipomwambia, akauliza ni kiganja cha nani, changu au cha kwake. Nikamwambia changu. Akatikisa kichwa, akasema basi litadumu miaka mitatu.

Mwezi uliopita wapimaji walipita tena. Changarawe ilikuwa bado mpya. Nimeandika Nzuri kwa mikono hii, na kwa hiyo hakuna kikundi, hakuna wa kuzibua mitaro, hakuna kitu. Jumapili nikaenda kumpa habari. Nilidhani atakasirika, lakini alijiinua kwa kiwiko, akamwomba shemeji anipe karatasi.

"Chukua kalamu. Tuwaandikie habari za ule mdomo," akasema. "Nimefikiri sana hapa kitandani. Ile ya kwanza hawakujibu labda kwa sababu sikuanza kwa kuwashukuru. Hii tuanze na shukrani."

Nilishika kalamu, nikaiweka chini. Barua ya kwanza ilikuwa mfukoni mwangu. Nimekuwa nikitembea nayo tangu siku aliyoumia, sijui kwa nini, labda nikitumaini itadondoka nipate kisingizio. Nikaitoa nikamwekea juu ya shuka.

Aliikunjua. Alisoma polepole, akipitisha kidole chini ya maneno, mpaka akafika kwenye jina lake. Kisha akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Mtu aliyeleta ripoti ofisini miaka ishirini na miwili anajua karatasi iliyopokelewa inavyokuwa.

"Haina muhuri."

"Haikufika, dada."

"Nani alikuwa aifikishe?"

"Mimi."

Cherehani ya shemeji ilisimama. Nilikaa nikisubiri kulaaniwa, na Mungu anisamehe, nilikuwa nataka kulaaniwa. Nilitaka aseme neno moja baya nitoke nalo pale, nilibebe. Dada aliikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akaipapasa mpaka ikalala sawasawa, akanirudishia mkononi.

"Ungeniambia tu kwamba huwezi, mdogo wangu," akasema. "Ningeilaza."